Akili za Watu na Haki ya Kutawala

Mwezi uliopita palikuwa na mkutano kijijini kwetu wa kuchagua halmashauri ya maji. Kisima chetu kina pampu, na pampu ina fedha zake, na penye fedha pana maneno. Kwa hiyo watu walikuja wengi kuliko wajavyo katika mikutano mingine. Likatajwa jina la mama mmoja mjane. Mama huyu amekiangalia kisima hicho miaka tisa pasipo cheo wala mshahara. Amjua aliyelipa na anayedaiwa, na adaiwa ndoo ngapi. Na pampu ikitaka kuharibika, yeye huitambua kwa mlio wake siku mbili tatu kabla ya mtu mwingine. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba ndiye afaaye.

Ndipo akasimama kijana mmoja msomi, mwenye sauti nzuri na adabu, akasema: "Nisameheni wazee wangu, sisemi kwa ubaya. Lakini mama huyu alishindwa mtihani wa darasa la saba. Mungu hakuwagawia watu akili sawasawa. Waliopewa nyingi waongoze, waliopewa kidogo wafuate. Ndivyo ulimwengu ulivyo, na nchi zilizoendelea ziliendelea kwa njia hiyo." Watu wakanyamaza. Mama akavuta kanga yake kichwani, akaketi. Jina lake halikutajwa tena siku ile. Jua likachwa pasipo mtu kuchaguliwa, mkutano ukaahirishwa.

Nami nilinyamaza pamoja na wengine, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wangu. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka mwishoni nimesimama mbele ya darasa nikiwa na karatasi mkononi, nikisoma majina ya waliofaulu kwanza na ya walioshindwa baadaye. Yumkini maneno yale aliyasikia kwangu, hata kama sikuyatamka kwa kinywa.

Nianze kwa kukubali lililo kweli, nisije nikaambiwa nawabembeleza watu. Akili za watu hazilingani. Mwalimu asemaye kwamba zalingana hajafundisha kugawanya. Nimeona mtoto akilishika jambo hilo kwa asubuhi moja, na ndugu yake wa tumbo moja akihangaika nalo majuma matatu. Wataalamu waliochunguza mapacha wameonyesha ya kuwa sehemu ya tofauti hizo watu huzaliwa nayo. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na hatua ile ya pili, iliyochukuliwa upesi sana kisimani pale: kwamba tumekwisha kujua nani ana akili nyingi na nani ana kidogo, na kwamba mwenye nyingi, kwa hiyo, ana haki ya kumkalia mwenzake juu.

Kijana alitaja nchi zilizoendelea. Vema, na tuziendee, tuone jambo hili lilizaliwaje huko na lilizaa nini.

Huko Uingereza alikuwako bwana mmoja, Francis Galton, mtu wa ukoo wa kitajiri, ambaye mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya kurithi kwa akili. Aliorodhesha mahakimu, mawaziri, majemadari na wanachuoni wa nchi yake, akaona kwamba watu wakuu huzaliwa katika jamaa za watu wakuu, akakata shauri kwamba akili hupita katika damu kama vile urefu wa mwili. Hakujishughulisha sana na kuuliza ni nani aliyewalipia karo, wala ni nani aliyewafungulia mlango wa baraza. Ni kama mtu aendaye pwani, akaona watoto wa wavuvi wajua kuogelea kuliko watoto wa wafugaji, akaandika kitabu kwamba wale wamezaliwa na mapezi. Katika kitabu kile kile aliwaweka Waafrika ngazi mbili chini ya Waingereza.

Mtu aliyefuata alikuwa na moyo mwingine. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali mafupi ya kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Hilo tu. Binet alionya waziwazi kwamba kipimo chake kisifanywe hukumu ya maisha, maana aliamini kwamba akili ya mtoto yaweza kukuzwa kwa mafundisho. Alikufa mwaka 1911. Kipimo kikavuka bahari, na onyo likabaki Ufaransa.

Huko Marekani walikitumia kwa namna nyingine kabisa. Katika vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1917 na 1918, walipimwa askari zaidi ya 1,700,000. Wasiojua kusoma walipewa picha, waonyeshe kilichopungua. Picha moja ilikuwa ya uwanja wa tenisi usio na wavu. Nyingine ilikuwa ya gramafoni isiyo na pembe ya kutolea sauti. Hebu fikirini mkulima aliyeshuka melini juzi kutoka Italia au Urusi, ambaye hajaona tenisi wala gramafoni tangu kuzaliwa kwake, ameketi sakafuni kati ya mamia ya watu, huku askari mmoja akimhimiza afanye upesi. Akikosa, huandikwa kwamba amepungukiwa na akili. Nami nikipewa picha ya ngalawa, je, nitajua kama imetiwa matengo yake yote? Mimi ni mtu wa milimani.

Mwaka 1923 mwanachuoni mmoja, Carl Brigham, alitoa kitabu kwa kutegemea hesabu zile, akasema ya kwamba watu wa kusini na mashariki ya Ulaya wana akili haba na kuja kwao kwaishusha akili ya taifa zima. Mwaka 1924 ikapitishwa sheria ya kuwapunguza sana wageni wa nchi hizo. Sitasema sheria ilitoka katika kitabu. Walikuwako wengi waliowachukia wageni kabla ya kitabu. Lakini chuki ilipata cheti cha elimu, ikatembea kifua mbele. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba vipimo vile havifai kuwalinganisha watu wa mataifa mbalimbali, na kwamba hoja yake haikuwa na msingi. Nampa heshima yake kwa hilo, maana ni wachache wawezao kufanya hivyo. Walakini sheria haikutubu pamoja naye. Mpango ule wa kuhesabu wageni kwa taifa walikotoka ulidumu mpaka mwaka 1965, na katika miaka ya 1930, Wayahudi walipokuwa wakikimbia kutoka Ujerumani, wengi waliukuta mlango umefungwa.

Na jambo moja lilikuwamo katika hesabu zile zile, wala wakubwa hawakulipigia tarumbeta. Askari weusi waliotoka Ohio, Illinois na New York, penye shule nzuri kidogo, walipata maksi za juu kwa wastani kuliko askari weupe waliotoka Mississippi, Kentucky na Arkansas. Kama kipimo kilipima damu, damu ilibadilika njiani kwenda kaskazini. Kama kilipima shule, basi kila kitu chaeleweka.

Si wageni peke yao waliopimwa. Katika jimbo la Virginia alikuwako msichana maskini, Carrie Buck, aliyelelewa katika nyumba ya watu, akapata mimba kabla ya ndoa. Naye alisema kwamba alitendewa kwa nguvu na jamaa wa nyumba ile. Wakamtia katika nyumba ya wapungufu wa akili, alimokuwamo mama yake mzazi. Wakamtazama na mtoto wake mchanga, wa miezi michache tu, wakasema huyu naye haonekani sawa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa sauti nane dhidi ya moja, iliruhusu afanyiwe upasuaji asizae tena, kwa kuwa yeye, na mama yake, na mtoto wake, vizazi vitatu, ni watu wapungufu. Waliotoa hukumu hiyo walihesabiwa miongoni mwa vichwa bora vya nchi yao. Kwa sheria za namna hiyo zaidi ya watu 60,000 walifanywa tasa nchini Marekani. Na yule mtoto, Vivian? Alikua akaenda shule, na katika mwaka 1931 jina lake liliandikwa kati ya wanafunzi waliofanya vizuri. Akafa kwa ugonjwa mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka minane.

Nasikia mtu akisema, hayo ni ya mbali. Basi na tuje Nairobi.

Katika miaka ya 1930 Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mdogo na huchoka kukua mapema. Mwenzake, Daktari F. W. Vint, alipima bongo 100 za Waafrika waliokufa, akazilinganisha na hesabu za bongo za Wazungu zilizokwisha kuandikwa, na mwaka 1934 akachapisha ya kwamba tabaka la juu la ubongo wa Mwafrika ni jembamba zaidi. Walowezi walifurahi. Ilikuwa habari njema kwao: kama ubongo wenyewe ni mwembamba, shule za nini, na mashamba mazuri wapewe kwa nini? Gordon aliomba serikali ya Uingereza itoe fedha ili uchunguzi uendelezwe, asipewe. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1953 Daktari J. C. Carothers, ambaye naye alikuwa mkuu wa Mathari, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya la Dunia kwamba Mwafrika ni kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1963, miaka kumi tu baadaye, Kenya ilijitawala, na wale waliodaiwa kukatwa bongo wakaketi katika viti vya mawaziri, wakatunga sheria, wakagombana na kupatana kama wafanyavyo mawaziri wa nchi nyingine zote.

Nimewachukueni safari ndefu kwa sababu moja. Galton, na Brigham, na wale mahakimu, na wale madaktari, hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Na kila mmoja aliposhika rula akapima, alijikuta yeye na watu wake wako juu. Hakuna aliyepima akaona ya kuwa yeye ndiye wa chini, asimame ampishe mwingine kiti. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Akili zao nyingi hazikuwaokoa na kosa hilo. Ziliwasaidia kulipamba tu, kwa majedwali na maneno ya kilatini.

Sasa na tuangalie kipimo chenyewe hufanya nini muda ukipita. Huko Embu, nchini Kenya, wataalamu waliwapima watoto wa vijijini mwaka 1984, na mwaka 1998 wakawapima watoto wengine wa umri ule ule katika mahali pale pale. Maksi zilikuwa zimepanda sana. Miaka kumi na minne haitoshi damu ya watu kugeuka; kondoo wenyewe hawageuki aina kwa muda huo. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, jamaa zilikuwa na watoto wachache zaidi, na watoto walikula vizuri zaidi. Na kabla ya Embu, bwana mmoja wa New Zealand, James Flynn, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 kwamba maksi za vipimo hivi zilikuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi katika nchi kumi na nne zilizoendelea. Kama tukiziamini maksi kuwa ndizo akili yenyewe, itatupasa kusema kwamba babu zao Waingereza na Wamarekani, hao waliojenga reli na kutunga sheria, walikuwa nusu wapumbavu. Mjukuu mwenye haya hawezi kusema hivyo.

Kuna na habari ya chumvi, na hii yatuhusu sisi watu wa milimani hasa. Wazee wetu wakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, akina mama wakitembea na uvimbe shingoni kama boga. Sababu ni upungufu wa madini joto katika udongo na chakula. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni huumia, na mtoto huyo aweza kuzaliwa mzito wa kufahamu, au bubu, au kiziwi. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizopatwa zaidi, na baadaye chumvi yenyewe ikatiwa madini hayo kiwandani. Gharama yake kwa mtu mmoja ni ndogo mno. Ni watoto wangapi tuliowaketisha nyuma ya darasa, tukawaita wajinga wa kuzaliwa, kumbe wamepungukiwa na kitu kipungufu kuliko kijiko cha chumvi? Mimi nilikuwa na wawili mwaka wangu wa kwanza. Niliwapa kazi ya kuteka maji ya walimu.

Lakini nirudi kwa yule mama na mtihani wake. Aliufanya mwaka 1985. Wengi wamesahau mtihani wa darasa la saba ulikuwa nini zamani zile. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba katika kila watoto mia wa shule za msingi, kumi na watatu tu ndio watakaopata nafasi katika shule za sekondari, akaikataa elimu iwafanyayo wengine wote wajione wameshindwa. Baada ya hapo, tangu miaka ya 1970 mwishoni, nchi ikawaingiza watoto karibu wote katika shule za msingi, ambalo ni jambo jema. Walakini sekondari hazikuongezeka kwa kadiri ile, hata mlango ukawa mwembamba kupita ulivyokuwa. Miaka ya mama yule, darasa zima la kijiji laweza kufanya mtihani na asichaguliwe hata mmoja. Kisha kuanzia mwaka 2004 zikajengwa shule za kata kila mahali, na mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ikaondolewa. Leo sehemu kubwa ya watoto wamalizao darasa la saba huingia kidato cha kwanza.

Je, akili za watoto wa Tanzania zimeongezeka mara nyingi hivyo tangu mwaka 1985? Au ni madawati yaliyoongezeka? Fundi seremala ndiye aliyewafaulisha, wala hakuna aliyempa shukrani. Mtoto wa thelathini katika orodha ya mwaka 1985 alikuwa ameshindwa. Mtoto wa thelathini katika orodha ya leo amefaulu, na mjomba wake amchinjia kuku. Neno hili "kushindwa" tulilibandika juu ya watu kwa sababu ya uhaba wa viti, kisha tukasahau viti, tukakumbuka neno. Kijana wangu aliyesimama kisimani alifaulu mwaka shule ya kata ilipofunguliwa. Ana akili, nashuhudia. Lakini kati ya cheti chake na kukosa cheti kwa mama yule pana matofali mengi kuliko ubongo.

Na hata kipimo kikiwa cha haki kabisa, kimepima akili ipi? Lugha yetu haina neno moja tu juu ya jambo hili. Twasema akili, twasema maarifa, twasema busara, twasema hekima. Na kando yake twasema werevu na ujanja, na mtu akisifiwa kwa hilo la mwisho, wazazi wa msichana humwangalia mara mbili kabla ya kupokea posa yake. Wachewa wa Zambia wana neno nzelu, na mtaalamu mmoja, Robert Serpell, aliyekaa nao miaka mingi, aliona kwamba mtoto hasemwi kuwa na nzelu kwa wepesi wa kichwa peke yake. Sharti awe mtu wa kutumainiwa, atumwaye akatumika. Bwana huyo huyo aliwahi kuwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi moja ya kufuatisha mifano. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda. Kwa waya, Wazambia waliwashinda Waingereza, maana ni nani asiyewaona watoto wetu wakitengeneza magari ya waya yenye usukani na magurudumu?

Kisa kingine ni cha Liberia, katika watu waitwao Wakpelle. Wataalamu wa Kimarekani waliwapa wakulima vitu ishirini, vyakula na nguo na vyombo, wavipange kwa mafungu. Mkulima akaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, akisema kwamba mtu mwenye hekima ndivyo afanyavyo. Wataalamu walitaka vyakula mahali pamoja na vyombo mahali pamoja, wakahuzunika. Mwishowe mmoja akauliza: mpumbavu je, angevipanga namna gani? Mara moja mkulima akavipanga barabara, vyakula hapa, vyombo pale, nguo kule, sawasawa na walivyotaka wale wageni. Alijua njia zote mbili tangu mwanzo. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, na kila mara nacheka, kisha nakumbuka mitihani niliyosahihisha.

Basi tufike penye uongozi. Kazi ya kutawala watu haihitaji akili moja. Yahitaji hesabu, naam, wala mtu asiyeweza kabisa kusoma daftari ya fedha asipewe aitunze peke yake. Katiba ya Tanzania yamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na hilo laeleweka. Nchini Kenya walikwenda mbele zaidi, wakatunga sheria ya kumtaka mgombea ubunge awe na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaitangua, kwa kuwa iliwafungia nje raia wengi mno. Nadhani mahakama ilifanya vema. Swali la kwanza juu ya kiongozi si ana akili kiasi gani. Ni hili: akili zake zatumika kwa ajili ya nani, na akizitumia kwa ajili ya tumbo lake, ni nani awezaye kumwondoa? Mjinga akiiba fedha za maji, huonekana siku ile ile, daftari ikiwa na alama za vidole. Mwerevu akiiba, hutuandikia taarifa yenye kurasa sita, nasi tukampigia makofi.

Wasomaji wa gazeti hili wajua habari za mfalme Sulemani. Hapana mfalme anayesifiwa kwa hekima kupita yeye. Wageni walitoka mbali wamsikilize. Walakini, katika kujenga kwake, aliwatumikisha watu kwa shokoa, na mzigo ulikuwa mzito hata alipokufa, watu wakamwendea mwanawe kumwomba aupunguze. Mwana akakataa, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Hekima ya mfalme ilikuwa kweli, na mgongo wa mchukuzi wa mawe ulikuwa kweli vilevile, na mfalme hakuusikia mgongo ule kwa kuwa haukuwa wake. Mwenye akili nyingi kuliko wote duniani hajui kiatu changu chanibana wapi mpaka nimwambie. Akiwa amekwisha kuaminishwa kwamba mimi ni mtu wa kufuata tu, atanisikiliza kwa sababu gani?

Hapo ndipo ninapoliona dhara la maneno ya kijana yule. Halikuwa kwa yule mama peke yake. Katika mkutano ule walikuwako watu mia na zaidi ambao hawakuchaguliwa kwenda sekondari, na wote walinyamaza kwa sauti moja ya msomi. Walisikia kwamba si shauri lao. Watu wakiisha kukubali hivyo, halmashauri yaweza kufanya lolote. Madaktari wa Mathari walitaka tukubali hivyo mbele ya wageni, nasi hatukukubali. Itakuwa ajabu tukikubali mbele ya watoto wetu wenyewe, tuliowauzia mbuzi wapate kusoma.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa kijana, tukaketi chini ya mwembe wa baba yake. Nilimwambia haya kwa kifupi, nikamwambia na habari ya madawati. Hakupendezwa. Alisema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba asiyesoma hana neno." Nilimjibu kwamba ni kweli nilifundisha hivyo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama mama yule kweli ajua madeni yote kwa kichwa. Nikamwambia aende akamjaribu, achukue kalamu aandike. Alikwenda siku ya pili, akaandika kurasa nne, na nyumba za watu wakubwa wawili zimo katika madeni, nyumba ambazo katika daftari ya halmashauri ya zamani ziliandikwa kuwa zimelipa.

Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, kisimani. Kijana amesema atakuja na kurasa zake. Mimi nitalitaja jina la mama.